Kisa cha Pavie 2003: kwa nini nawakataza vijana kutaja maksi mezani

Kila tukipokea vijana wapya wa huduma pale hotelini mi ndo napewa somo la waini, na siku ya kwanza kabisa nawaambia mgeni akiuliza hii chupa ikoje, usimtajie maksi. Wanabisha kweli kweli. Wanasema lakini bosi hii imepata 93, si imemaliza mjadala? Basi nawahadithia kisa cha Pavie, nusu saa inakatika, alafu mwaka unaofuata wanakuja wengine naanza upya. Safari hii nimeona bora nikae niandike chote mara moja. Na kama hujawahi kugusa waini ya Ufaransa usiogope, hata mimi hiyo Pavie sijawahi kumiliki chupa, bei yake ni ya kodi ya nyumba.

Ilikuwa 2004, Bordeaux, mkoa wa waini kule Ufaransa. Waonjaji wawili waliokuwa wanasomwa kuliko wote kipindi kile, Robert Parker wa Marekani na Jancis Robinson wa Uingereza, wakaonja waini ya shamba moja, Pavie, ya msimu mmoja, wa 2003. Parker akaipandisha hadi dari. Robinson akaiita waini ya kichekesho. Wakarushiana maneno hadharani, wengine wakaingilia, na mpaka leo ukikaa na watu wa hii kazi ukataja tu "Pavie 2003" unaona mtu anacheka au ananuna, kutegemea alikuwa upande gani.

Sasa tuanze na shamba lenyewe maana bila hilo hutaelewa hasira ilitoka wapi.

Château Pavie iko Saint-Émilion, upande wa kulia wa mito ya Bordeaux, kwenye mteremko unaotazama kusini, na kule kwao kusini ndiko jua linakokaa. Chini ni chokaa na udongo wa mfinyanzi, na zabibu kubwa pale ni Merlot, zabibu ambayo inawahi kuiva kuliko wenzake. Mwaka 1998 shamba lilinunuliwa na Gérard Perse. Huyu bwana hakurithi kitu, hela yake aliipata kwenye supamaketi, akauza maduka akaja kulima. Alivyoingia akabadilisha karibu kila kitu. Mizabibu ikapunguzwa mzigo ili vishada vichache vilivyobaki vipate nguvu yote, kuvuna kukasogezwa mbele mpaka zabibu ziive hasa hasa, mapipa mapya ya mwaloni yakaingia, akamleta na mshauri, Michel Rolland, ambaye jina lake kipindi kile lilikuwa kwenye mashamba kibao kuanzia Bordeaux mpaka Argentina. Waini ikatoka nyeusi, nzito, laini, imejaa matunda. Parker akaipenda kuanzia mwanzo. Waingereza wengi hawakuipenda, walisema hii siyo Pavie tunayoijua.

Kwa hiyo ugomvi ulikuwa tayari una kuni, ulikuwa unasubiri kiberiti.

Kiberiti kikawa kiangazi cha 2003. Wanaokumbuka watakumbuka, Ulaya iliungua, Ufaransa peke yake walikufa watu kama 15,000, wazee wengi, mwezi wa nane. Mashambani mizabibu ikafanya kile ambacho mmea wowote unafanya ukizidiwa na joto, ikafunga. Yaani jani linajifunga lisipoteze maji, kazi ya kuivisha inasimama, ila sukari ndani ya zabibu inaendelea kupanda sababu maji yanakauka, asidi nayo inashuka, na maganda na mbegu, ambako ndiko ule ukakasi wa waini nyekundu unatoka, vinabaki nyuma havijaiva. Nikieleza hapa huwa natumia embe la kuvundika. Umelinunua barabarani, nje njano inavutia, harufu ya sukari tele, unalikata unakuta karibu na kokwa bado kweupe na kuna uchachu wa kijani. Limeiva na halijaiva, yote mawili kwa pamoja. Shikilia hilo embe, tutalirudia.

Alafu kuna hii biashara ya kule ambayo bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini maneno ya watu wawili yalikuwa na uzito wa hela. Bordeaux wanauza waini ikiwa bado pipani. Zabibu zinavunwa mwezi wa tisa, waini inakaa kwenye mapipa, kufika mwezi wa tatu na wa nne wa mwaka unaofuata waonjaji na wanunuzi wa dunia nzima wanamiminika pale kuonja kitu ambacho hakijakamilika, kitaingia chupani baada ya mwaka na zaidi. Wanaandika, mashamba yanatangaza bei, watu wanalipa, chupa utaiona baadaye sana. Watu wa Kagera hapa wameshanielewa, hii ni butura kabisa, kahawa inauzwa ikiwa maua. Tofauti ni kwamba kwenye butura anayeumia ni mkulima, kule Bordeaux anayebeba hatari ni mnunuzi, maana analipia kitu ambacho hajakionja na hawezi kukionja. Anategemea ulimi wa mtu mwingine. Na kwa miaka ishirini ule ulimi ulikuwa mmoja tu.

Parker alikuwa mwanasheria wa Maryland. Alianza kutoa jarida lake, The Wine Advocate, mwaka 1978, halina tangazo hata moja, na akili yake ilikuwa ya kumtetea mlaji, alikuwa anamkubali sana Ralph Nader yule aliyewasumbua wenye viwanda vya magari. Na hapa lazima tumpe haki yake, maana siku hizi ni rahisi kumcheka mzee. Kabla yake walioandika habari za waini kwa Kiingereza wengi walikuwa watu wa biashara hiyohiyo, huyu anaagiza, yule anauza mnadani, mwingine ameandaliwa chakula cha mchana na mwenye shamba wiki iliyopita. Michael Broadbent, ulimi mkubwa sana, aliongoza kitengo cha waini cha mnada wa Christie's tangu 1966. Hata ile orodha maarufu ya Bordeaux ya mwaka 1855, ambayo mpaka leo imebandikwa kwenye chupa, iliandikwa na madalali, wakapanga mashamba kwa kuangalia bei zilivyokuwa sokoni. Yaani aliyekwambia kipi kizuri ndo huyohuyo anayekuuzia. Parker akaja akasema mimi nalipa mwenyewe, naonja mwenyewe, nakupa namba kwa 100, kama shuleni, hata mtu asiyejua Kifaransa ataelewa.

Na Wamarekani walielewa. Msimu wa 1982 Parker aliusifia sana wakati wengine walikuwa wanasita, ukaja kuwa msimu wa kihistoria, waliomsikiliza walipata faida ya ajabu, na kuanzia hapo namba yake ikawa ndo bei. Kuna wachumi wa Ufaransa walikuja kulipima hili kwa ujanja. Kawaida Parker alikuwa anaonja kabla bei hazijatangazwa, ila 2003 mwanzoni, vita ya Iraki ilivyonukia, hakusafiri, mashamba yakalazimika kupanga bei bila kujua amesemaje. Wakalinganisha na miaka mingine, wakapata kwamba kuwepo kwake kunaongeza wastani wa euro 2.80 kwa kila chupa. Hiyo ni wastani, na kwa yale mashamba makubwa ilikuwa zaidi. Zidisha kwa chupa za shamba zima uone mtu mmoja akipiga chafya nini kinatokea.

Sasa Robinson. Huyu mama siyo mtu wa kubabaisha. Amesoma hesabu na falsafa Oxford, mwaka 1984 akawa mtu wa kwanza asiye mfanyabiashara wa waini kufaulu mtihani wa Master of Wine, mtihani ambao watu wazima wanalia nao, ndo mhariri wa kamusi kubwa ya waini ya Oxford iliyotoka 1994, anaandika kwenye gazeti la Financial Times. Maksi zake ni kwa 20. Na jambo moja alishalisema mara nyingi, yeye namba hazipendi, anazitoa kwa sababu wasomaji wanazidai.

Basi ikafika 2004, wote wameonja. Parker akaandika kwamba Pavie 2003 ni kazi ya kupitiliza kutoka kwa watu wanaotafuta ukamilifu, utajiri wake ni wa kiwango cha juu mno, na akaiweka kwenye yale maksi ya pipani ambayo yanaanzia 95 na kuendelea kuelekea 100. Robinson akaipa 12 kwa 20, akaandika kwamba harufu ni ya zabibu zilizopitiliza kuiva, haitamanishi, utamu kama wa Port, na Port nzuri inatoka bonde la Douro siyo Saint-Émilion, kwamba ni waini ya kichekesho inayofanana zaidi na Zinfandel iliyochelewa kuvunwa kuliko Bordeaux nyekundu, na juu ya yote ina ladha ya kijani isiyovutia.

Kwa ambao hawajui, Port ni ile waini tamu ya Ureno iliyoongezewa pombe kali, na Zinfandel ni zabibu ya California. Kumwambia mwenye shamba la Saint-Émilion kwamba umemtengenezea Port au Zinfandel ni kama kumwambia mama wa Kizanzibari pilau yako ningedhani ni ya kopo.

Parker hakunyamaza. Akajibu mtandaoni kwamba yeye hiyo Pavie aliyoionja haifanani kabisa na anachokielezea Jancis, na kwamba maneno hayo yanaendana na mashambulizi yake ya siku zote kwa kila Pavie ya Perse. Yaani kwa Kiswahili rahisi, huyu mama ana chuki na shamba. Robinson akajibu kwamba aliionja bila kuona leibo, chuki ataipata wapi, na akauliza kwani haruhusiwi kuwa na maoni yake mwenyewe, au anaruhusiwa pale tu yakifanana na ya Monsieur Parker. Hiyo "Monsieur", yaani bwana kwa Kifaransa, nadhani ilikuwa ya makusudi. Alafu Clive Coates, mwandishi wa waini, naye Mwingereza, akamwaga petroli, akasema anayeiona hii ni waini nzuri anahitaji kupandikizwa ubongo na ulimi mpya. Broadbent naye akawa upande wa Robinson. Ikageuka Marekani na Uingereza, magazeti yakafurahi.

Hapa ndo naanza kuwauliza vijana: nani alikosea?

Nusu wanasema Parker, nusu wanasema Robinson, na daima kuna mmoja anasema walipewa chupa tofauti. Hilo la mwisho siyo jibu la kijinga, sampuli za pipani zinatofautiana, pipa na pipa siyo sawa, na sampuli ikikaa wazi siku nzima inachoka. Inawezekana ilichangia. Ila mimi siamini kwamba ndo sababu, na ninachokiamini kinatokana na kusoma yale maneno yao taratibu, ukiziweka namba pembeni.

Soma tena. Parker: tajiri, imejaa, imepitiliza kawaida. Robinson: imeiva kupita kiasi, tamu kama Port. Si wanaelezea kitu kilekile? Wote wawili wamekutana na waini nzito, ya joto, iliyoiva sana, yenye mwili mkubwa. Hawakugombana kuhusu kilichomo kwenye glasi, isipokuwa ile ladha ya kijani peke yake, ambayo Robinson aliisikia na Parker hakuitaja, na hiyo ndo lile embe letu la kuvundika, kwa mwaka ule inaingia akilini kabisa. Vingine vyote wamekubaliana. Walichogombania ni kama kitu cha namna hiyo kina haki ya kuitwa Bordeaux.

Na hapo kila mmoja alikuwa na lake la muda mrefu. Kwa Mwingereza Bordeaux ni waini ya mezani, unakula nayo nyama ya kondoo, ina asidi ya kusafisha mdomo, haichoshi, unaifungia stoo miaka ishirini ndo inafunguka. Kwake uwiano ndo kila kitu, na mahali lazima pasikike, ukinywa ujue hii ni Saint-Émilion. Kwa Parker kigezo kikubwa ni raha, hii kitu inanipa raha kiasi gani, na kama mkulima amepunguza mazao, amesubiri, amechagua zabibu moja moja, basi matokeo yaheshimiwe hata kama babu yake asingeyatambua. Mi binafsi ukinibana nipo na Robinson, sipendi waini inayonichosha kabla sahani haijaisha. Lakini siwezi kusema Parker alikuwa kipofu. Alikuwa anajibu swali lingine.

Sasa tazama namba zilivyofanya. Vijana wengi wanachukua 12 kwa 20 wanageuza wanapata 60 kwa 100, wanasema loo, 60 dhidi ya 95, huyu mmoja lazima kachanganyikiwa. Haigeuzwi hivo. Skeli ya Parker inaanzia 50, yaani hata maji ya kuoshea glasi yana 50 zake, na kwa vitendo hakuna anayetangaza chini ya 85. Ya Robinson ni 20 lakini nayo anaitumia kipande kidogo cha juu, kwake 15 ni ya kawaida tu, 14 inaboa, 13 inakaribia kuwa na kasoro au kukosa uwiano, na 12 ndo yenye kasoro au isiyo na uwiano. Kwa hiyo 12 yake haimaanishi "imepata sitini". Ni hukumu yenye jina: haina uwiano. Ukiyasoma maneno yake yote unakuta ndicho alichokisema, lakini aliyeona namba peke yake aliona matusi.

Na namba zenyewe zinabeba uhakika ambao ulimi wa binadamu hauna. Kuna profesa mstaafu California, Robert Hodgson, ana shamba lake la zabibu, alikuwa anashangaa waini yake inapata dhahabu mashindano haya na hailambi kitu kwenye yale. Akakubaliana na waandaaji wa mashindano ya jimbo, kuanzia 2005 majaji wakawa wanamiminiwa waini ileile mara tatu kutoka chupa ileile bila kuambiwa. Matokeo akayachapisha 2008: kama jaji mmoja tu kati ya kumi ndo alikuwa anajirudia vizuri, wengi waliyumba maksi nne juu au chini kwa waini moja, asubuhi moja. Sasa wewe mgeni anakulipia tofauti ya 89 na 91! Kile kibandiko cha 90 dukani kimejenga nyumba za watu.

Baada ya hapo kilitokea nini? Kwa Pavie, mambo mazuri tu. Saint-Émilion wana orodha yao ya madaraja inayopitiwa upya kila baada ya muda, ilianza 1955, na 2012 Pavie ikapandishwa daraja la juu kabisa, A, pamoja na Angélus. Ausone na Cheval Blanc ndo walikuwa pale peke yao miaka yote. Alafu ikaja vituko, Ausone na Cheval Blanc wakajitoa wakilalamika kwamba vigezo vimejaa mambo ya matangazo na mitandao, Angélus naye akafuata, orodha ya 2022 ilivyotoka waliobaki juu ni Pavie na Figeac aliyepanda mwaka huohuo. Kwa hiyo lile shamba la waini ya kichekesho leo ni moja ya mawili kileleni. Wanaoifuatilia wanasema pia kwamba Pavie ya miaka ya karibuni imetulia, uzito umepungua. Na joto la 2003 ambalo lilikuwa la ajabu sasa linarudi rudi, wakulima wamejifunza kuacha majani yafunike vishada badala ya kuyanyofoa, kuwahi kuvuna, kutokamua sana. Ile 2003 iliwakuta wengi wameshanyofoa majani kama wanavyofanya mwaka wa kawaida, jua likapiga moja kwa moja.

Kwa uhakiki wa waini ndo palibadilika zaidi, na siyo kwa sababu Parker alishindwa. Mwaka uleule wa 2004 jamaa aliyetoka Microsoft, Eric LeVine, aliifungua kwa watu wote CellarTracker, mahali ambapo mtu yeyote mwenye chupa anaandika alichokisikia. Mwaka 2010 Wadenishi wakaanzisha Vivino, unapiga picha leibo unaona nyota. Parker mwenyewe aliuza sehemu kubwa ya jarida kwa wawekezaji wa Singapore 2012, baadaye Michelin wale wa matairi wakalichukua lote, na 2019 akastaafu. Hakuna aliyekaa kwenye kiti chake. Sasa hivi kuna waonjaji kibao, na muuzaji anachofanya anatafuta aliyetoa namba kubwa kuliko wote ndo anaibandika, kwa hiyo maksi zimepanda bei kama kila kitu, 95 ya leo iko kila kona.

Kitu ambacho mimi nakifurahia kwenye hii mabadiliko ni maneno. Zamani kitabu kinakwambia hii ina kassis na mwerezi na vumbi la penseli, wewe umekulia Tanga, kassis utaijulia wapi? Mwaka 1984 Ann Noble wa chuo cha Davis alitengeneza duara la harufu ili watu waache kusema "maridadi" na "yenye tabia njema" waseme kitu kinachonukika, hatua kubwa, ila matunda mengi ni ya kwao. Alafu Jeannie Cho Lee, Mkorea, wa kwanza mwenye asili ya Asia kupata Master of Wine, 2008, akaanza kuelezea waini kwa matunda na viungo vya Asia. Nilivyosoma hilo nikasema kumbe! Siku hiyo nikatupa karatasi ya kassis, nikanunua sokoni zambarau, ukwaju, komamanga, karafuu, majani ya chai, ngozi ya kiatu kipya nikaazima dukani.

Mwaka jana nikamimina nyekundu moja ya Dodoma, nzito, ya jua kali, leibo nimeifunga gazeti, nikawapa vijana wawili waandike bila kuchunguliana. Binti wa Muheza akaandika "zambarau zilizolala juani, sukari guru, inapasha kifua" akaipa 8 kwa 10. Kijana wa Moshi akaandika "dawa ya kikohozi ya mtoto, imeiva mno, inachoma kooni" akaipa 4. Wakaanza kugombana palepale, binti anamwambia wewe hujui kitu umezoea mbege, mwenzake anasema dada yangu hii ni sharubati ya kilevi. Nikawaacha kama dakika tano alafu nikawaambia futeni namba, nisomeeni maneno tu. Wakasoma. Binti ndo alishtuka wa kwanza, akasema kaka, tumeandika kitu kimoja.

Wiki ileile jioni moja mama mmoja mtu mzima amekaa meza ya nje na mwanae, ameagiza samaki wa kupaka, akamwita huyohuyo binti akamuuliza hii nyekundu ya Dodoma mnaisifia ikoje. Nilikuwa nyuma ya kaunta nasikia. Binti akamwambia, mama, shikamoo, mimi naipenda sana, ila ni nzito, utamu wake ni wa matunda yaliyoiva kupita kiasi na inapasha kooni. Yule mama akacheka, akasema marahaba mwanangu, basi niletee nyeupe ya baridi.